Noti Nne na Fimbo Moja: Kuurudia Mchezo wa Loom Bwejuu

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Loom, shujaa hana upanga, hana mfuko wa vitu, wala hafi. Ana fimbo moja tu ya kusokotea nyuzi, na fimbo hiyo hupigwa kama ala ya muziki. Kila tuni ina noti nne. Ipo tuni inayofungua kilichofungwa, ipo inayonoa, ipo inayotia rangi, ipo inayoponya. Ukiipiga tuni ileile kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kazi yake nayo hugeuka: kilichofunguka hufungika, chenye makali huwa butu. Sheria ni hizo tu. Kwa zana hizo chache, Brian Moriarty na wenzake wa Lucasfilm Games huko Marekani walitoa mwaka 1990 kazi ambayo hadi leo haijapata mpinzani wa kweli kwa nidhamu ya usanifu.

Nimeurudia Loom nikiwa Bwejuu, kijiji cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja, ukishaipita Paje kuelekea Michamvi. Siku hizi huhitaji kompyuta ya zamani ili kuucheza. Programu huria ya ScummVM, iliyoanzishwa mwaka 2001 kwa ajili ya kuihuisha michezo ya aina hii, hufanya kazi hata kwenye simu ya Android. Lakini urahisi huo unapatikana popote. Bwejuu ina jambo lake: ni miongoni mwa vijiji vya mashariki ambako wanawake wamesokota kamba za makumbi kizazi baada ya kizazi, na Loom ni mchezo wa watu wa uzi. Aliyeitazama kamba ikisokotwa huelewa upesi kwa nini mchezo huu umeshikamana hivi ulivyo.

Kazi ya kamba huanza kwa kungoja. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga wa pwani, pale ambapo maji hujaa na kutoka, yakawekewa mawe juu yasije yakachukuliwa na mkondo. Hukaa humo kwa miezi. Maji ya chumvi huozesha sehemu laini ya kumbi na kuuacha usumba, nyuzi ngumu zisizoharibika upesi. Yakifukuliwa hunuka, na mwenye pua ya mjini husogea pembeni. Kisha hupigwa kwa gongo mpaka nyuzi ziachane, zikaoshwa, zikaanikwa juani. Ndipo msokotaji huketi, akachukua nyuzi chache na kuzisokota kwa viganja, akiongeza nyingine kabla za mwanzo hazijaisha, hivyo uzi ukarefuka bila kuonesha ulipoungwa.

Ustadi wenyewe uko kwenye hatua inayofuata. Kila uzi umesokotwa kuelekea upande mmoja. Nyuzi mbili zinapounganishwa, huzungushwa kuelekea upande wa pili. Uzi mmoja mmoja unataka kujifungua, lakini kila unapojaribu kujifungua huikaza kamba, na kamba inapotaka kulegea huukaza uzi. Hakuna gundi wala fundo. Kamba inashika kwa sababu ndani yake kuna misokoto miwili inayopingana. Kwa kamba za namna hii ndiyo ilishonwa mitepe, vyombo vya pwani ya Waswahili ambavyo mbao zake hazikugongewa misumari. Na Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, tayari kinavitaja vyombo vya kushonwa katika pwani hii ya Afrika Mashariki.

Moriarty aliujenga mchezo wake juu ya kanuni ya jamaa moja na hiyo. Karibu kila tendo ndani ya Loom lina kinyume chake, na vyote viwili vimo katika noti zilezile nne.

Hadithi nayo inaanza kisiwani. Wafumaji wa Loom walianza kwa vitambaa kama wafumaji wengine, wakaendelea kupata ustadi hadi wakaweza kuufuma ulimwengu wenyewe. Watu wa bara wakawaogopa, wakawaona wachawi, nao wakajitenga kwenye kisiwa chao na kitanda chao kikubwa cha mfumi. Mwanamke mmoja wa chama hicho, Cygna, akakiuka mwiko: alivuta uzi mmoja wa kijivu kutoka kwenye mfumo, na kwa uzi huo akapatikana mtoto. Mama akafukuzwa kisiwani akiwa amegeuzwa batamaji. Mtoto, aliyeitwa Bobbin Threadbare, akalelewa na bibi mmoja, Hetchel, akiwa kama mgeni nyumbani kwao. Mchezo unapoanza, Bobbin ametimiza miaka 17. Siku hiyohiyo wazee wote wa chama wanageuka mabatamaji na kuruka zao, Hetchel anabaki kama yai, na kijana anajikuta peke yake na fimbo ambayo hakufundishwa kuitumia.

Ili kuuona ujasiri wa usanifu huu, lazima kukumbuka michezo ya aina yake ilikuwaje wakati ule. Mchezaji alikuwa anabofya vitu kwenye picha, anaviokota, anavibeba, kisha anavijaribu kimoja baada ya kingine. King's Quest, iliyotolewa na Sierra mwaka 1984, ilimwua mchezaji kwa kosa dogo tu la hatua. Maniac Mansion, mchezo wa mwaka 1987 uliozaa mtambo wa programu ambao Loom nao uliutumia, ulijaza sehemu ya chini ya skrini kwa orodha ya vitenzi: fungua, sukuma, vuta, toa, chukua. Moriarty mwenyewe alitoka Infocom, kampuni ya michezo ya maandishi matupu, alikoandika Wishbringer na Trinity. Alikuwa mtu wa maneno. Hata hivyo alipofika Lucasfilm aliondoa vitenzi vyote, akaondoa mzigo wa vitu, akaondoa kifo. Chini ya skrini ilibaki fimbo peke yake.

Kuondoa ni rahisi kusema, na ni kazi ngumu kutenda. Mchezo ukikosa vitenzi, fumbo la kila ukumbi lazima litatulike kwa fimbo. Mchezo ukikosa kifo, hofu lazima itoke kwenye hadithi yenyewe. Loom unaukubali mzigo huo wote na hautafuti njia ya mkato hata mara moja. Kila kizuizi ambacho Bobbin anakikuta njiani kinaondoka kwa tuni, na kila tuni aliipata kwa kutazama na kusikiliza.

Namna tuni hizo zinavyofundishwa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Hakuna mwalimu anayekuja kukuhutubia. Bundi waliokaa kwenye matundu ya mti wanalia, kila mmoja na noti yake. Ukiwasikiliza kwa utaratibu umepata tuni ya kuona gizani. Yai alilogeuka Hetchel linatoa noti nne za kufungua. Ukiipata tuni hiyo unaweza kushuka ufukweni ukaifungua chaza iliyojifunga kwenye mchanga, jambo ambalo mtoto yeyote wa Bwejuu aliyewahi kwenda pwani maji yakiwa yametoka atalielewa bila kuelezwa. Ukiielekeza tuni ileile mbinguni, mbingu inafunguka, radi inaupiga mti ulio kwenye ukingo wa jabali, na gogo lake linakuwa chombo cha kukuvusha bahari. Tuni ni moja: imefungua gamba, na imefungua anga.

Nje ya kisiwa kimbunga cha maji kinasimama njiani na kuzuia kupita. Ukikibofya, kinatoa noti za kusokota, kwa sababu ndiyo kazi inayofanyika pale: maji yanajisokota. Mchezo haukwambii ufanye nini. Unakaa, unafikiri, kisha unazipiga noti hizo kuanzia ya mwisho. Kimbunga kinasokotoka, bahari inatulia, njia iko wazi. Kizuizi chenyewe ndicho kilichokupa ufunguo, kwa sharti kwamba uugeuze. Nawajua wachezaji wa michezo mikubwa ya leo ambao wamemaliza saa mia moja bila kukutana na fumbo safi namna hii.

Kanuni ya kugeuza haibaki mchezo wa watoto. Bobbin anafika kwa wachungaji ambao kondoo wao weupe wanaliwa na joka. Anawatia kondoo rangi ya kijani ili wafanane na majani. Joka linapowakosa linamchukua yeye. Pangoni joka limelalia dhahabu. Tuni ya kugeuza majani makavu kuwa dhahabu unayo, na kila mtu angeitaka kwa ajili ya utajiri. Wewe unaipiga kinyumenyume. Dhahabu yote inakuwa majani makavu, pumzi ya joka inayawasha, na joka lenyewe, ambalo kumbe linauogopa moto, linakimbia. Ndani ya fumbo moja kuna hadithi ya uchoyo, kuna mzaha, na kuna mantiki isiyo na tundu. Yote yamebebwa na noti nne zilizosomwa upande wa pili.

Hata mipaka ya kanuni imefikiriwa. Tuni ambayo noti zake ni zilezile ukianzia mwanzo au mwisho haigeuziki, kwa hiyo yapo matendo ambayo ukishayatenda hayana kurudi. Tena fimbo haianzi na noti zote. Bobbin huanza na chache za chini, na nyingine huongezeka kadiri anavyokomaa, hivyo huenda ukaisikia tuni mapema ukajua ni ya nini, na bado usiweze kuipiga. Noti za tuni nyingi hubadilika kila unapoanzisha mchezo upya. Ndiyo maana sanduku la asili lilikuja na kitabu cha tuni chenye nafasi tupu za kujazwa kwa penseli, pamoja na kaseti ya mchezo wa kuigiza uliosimulia kisa cha Cygna kabla hujawasha kompyuta.

Macho nayo yamepewa haki yake. Kompyuta nyingi za wakati ule zilitoa rangi 16 tu, zenyewe kali na zisizopatana. Mchoraji Mark Ferrari alizipanga nukta za rangi mbili zikipishana, bluu na nyeusi, bluu na kijani, mpaka jicho likaziunganisha na kuona rangi ambayo mashine haikuwa nayo. Njia hiyo ilikuwa na gharama, maana picha za nukta nukta zilikuwa ngumu kubanwa ziingie kwenye diski za siku zile. Matokeo yake ni usiku wa bluu ambao haujazeeka. Mahema ya wafumaji, jiji la kioo la Crystalgard, ngome ya wahunzi: kila mahali pana mwanga wake. Na Bobbin mwenyewe amefunikwa kofia ya joho, uso hauonekani, kwa hiyo huyachunguza maumbile ya dunia na siyo sura ya shujaa.

Muziki umetoka kwenye Swan Lake ya Tchaikovsky, baleti iliyooneshwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1877, ukarekebishwa kwa kompyuta na George Sanger. Baleti hiyo inamhusu binti aliyerogwa akawa batamaji, na Loom unahusu mama aliyegeuzwa batamaji. Hivyo muziki huo hubeba siri ya hadithi kabla hadithi haijajitangaza. Katika sehemu nyingi muziki unanyamaza kabisa. Unabaki na sauti ya fimbo yako na sauti ya vitu unavyovibofya, kwa sababu katika mchezo unaoendeshwa na sikio, kelele ni adui.

Sikio hilo linapimwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya mazoezi inakuonesha kila kitu. Ngazi ya kawaida inakuonesha fimbo inavyowaka penye kila noti. Ngazi ya mtaalamu haikuoneshi chochote: unasikia, unakumbuka, unapiga. Unguja ni mahali pazuri pa kuijaribu ngazi hiyo. Mji Mkongwe una Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, na hapa kuna watu waliojua kunyanyua wimbo mzima kwa fidla kwa kuusikia tu. Mtu wa namna hiyo, hata kama hajawahi kugusa mchezo wa kompyuta, ataumaliza Loom kwa urahisi kuliko bingwa wa mpira wa kwenye skrini.

Chini ya ufundi huu kuna wazo, nalo halipigiwi kelele. Dunia ya Loom imegawanyika katika vyama vya mafundi: wafumaji, wachungaji, watengeneza vioo, wahunzi, makasisi. Kila chama kinajua kazi yake mpaka mwisho, na kila kimoja kinajiona ndicho kitovu. Watengeneza vioo wanaunda mundu mkubwa wa ajabu kwa agizo la makasisi. Wahunzi wanatengeneza panga kwa wingi kwa mteja huyohuyo. Hawaulizi ni za nini. Wanajivunia tu makali na mng'aro. Mteja ni Askofu Mandible, naye anataka jeshi la wafu. Fimbo ya Bobbin inapoangukia mikononi mwake, tuni anayoipiga ni ile ya kufungua, ya kwanza kabisa uliyojifunza, ile ya chaza. Safari hii kinachopasuka ni kitambaa cha ulimwengu, na kinachoingia ni uharibifu, ambao unaanza kwa kumla askofu mwenyewe. Kazi iliyobaki ni yako: kwenda palipotoboka na kupafunga kwa noti zilezile, zikipigwa kinyume.

Kwa hiyo mchezo unausifu ustadi na wakati uleule unauhoji. Fundi asiyeuliza kazi yake inakwenda wapi ameacha nusu ya ufundi. Moriarty amelisema hilo kwa mpangilio wa matukio na noti nne, bila mhusika yeyote kusimama na kutoa mawaidha.

Kasoro zipo. Loom ni mfupi. Mchezaji mzoefu huumaliza kwa jioni moja au mbili. Sehemu za makasisi zinakwenda mbio kuliko za kisiwani. Mwisho unaiacha dunia imegawanyika na Bobbin akiruka na mabatamaji, kana kwamba sehemu ya pili iko njiani, na haikuwa njiani: miendelezo miwili iliyofikiriwa, Forge na The Fold, haikutengenezwa. Toleo la sidii la mwaka 1992 liliongeza rangi na sauti za waigizaji, lakini mazungumzo yalikatwa ili yaingie, na baadhi ya uzito wa hadithi ukapotea. Mchezo mwingine wa kampuni hiyohiyo, The Secret of Monkey Island, uliupita kwa umaarufu mwaka uleule, na ndani yake kuna haramia aliyevaa beji ya kukuomba umwulize habari za Loom. Ukimwuliza, haachi kusema.

Bwejuu nayo imebadilika. Tangu kilimo cha mwani kishike pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wengi wamehamishia mikono yao huko, na mwani hufungwa kwa kamba za plastiki, zile tai-tai, zitokazo kiwandani. Kamba ya makumbi haiwezi kushindana nazo kwa bei wala kwa haraka. Bado inasokotwa, inauzwa, inafungia mapaa ya makuti, na maarifa yake hayajafa. Lakini maarifa yanayokaa mikononi mwa wachache yanahitaji mahali pa pili pa kukaa, na sioni kwa nini mahali hapo pasiwe mchezo wa kompyuta.

Vijana wanaosoma kompyuta katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na katika Taasisi ya Karume wanazo zana ambazo Moriarty hakuziota. Wengi wanaofikiria mchezo wa Kiafrika huanza na ramani kubwa, majeshi na miungu, kisha fedha zinaisha kabla ya ukumbi wa pili. Loom unaonesha njia nyingine: chukua kazi moja ambayo watu wako wanaijua kweli, tafuta kanuni moja iliyo ndani yake, kisha ikatae kila nyongeza isiyotokana na kanuni hiyo. Kamba ina kanuni. Dema la mvuvi lina kanuni: samaki anajua kuingia, hajui kutoka. Bao lina kanuni, na limechezwa bila umeme kwa muda mrefu kuliko kompyuta yoyote itakavyodumu.

Basi anayetaka kutengeneza, aanze kwa kuucheza Loom, ikiwezekana lile toleo la rangi 16, kwa ngazi ya kawaida, akiwa na penseli na karatasi. Akishaumaliza aurudie kwa ngazi ya mtaalamu, kwa sikio peke yake. Kisha aende Bwejuu, aombe kwa adabu afundishwe kusokota, na alipie muda wa mwalimu wake. Hiyo ndiyo shule bora ya usanifu wa michezo ninayoijua, na ada yake haifiki ya muhula mmoja wa chuo.